Asali ya mwezi wa sita kutoka Sikonge: nimeionja, nimeipima, nina neno

Nimenunua chupa ya lita moja ya asali kwa shilingi 18,000 kwenye duka dogo Sinza. Jina la duka sitalitaja, maana nina la kulalamikia, na kijana anayeuza ana adabu zake, sipendi kumharibia riziki.

Chupa imeandikwa "Asali Mbichi, Sikonge". Hapo ndipo mashaka yalipoanza, kwa sababu Sikonge ni Tabora, na hapa Dar kila asali inatoka Tabora, hata ile iliyozaliwa jana usiku kwenye sufuria ya sukari. Mimi ni Mnyamwezi wa huko huko Sikonge na baba yangu alikuwa mrina asali, kwa hiyo siwezi kulipa kabla sijauliza.

"Imerinwa mwezi gani?"

"Wa sita, mama."

"Mizinga ya nini?"

Kijana akacheka kidogo, nadhani hajazoea swali hilo. Akampigia simu anayemletea mzigo, akaweka spika. Mzee mmoja, lafudhi ya nyumbani kabisa, akasema anatumia mizinga ya mbao, ile ya viunzi vya juu ambavyo nyuki huning'inizia masega. Ya magome ameshaacha.

Hilo ndilo nililotaka kusikia. Mzinga wa gome unapatikana kwa kuuvua mti gome lake zima kama mtu anavyovuliwa shati, mara nyingi mtundu au muba, na mti uliovuliwa mzunguko mzima hauponi. Na miti hiyo hiyo ndiyo yenye maua wanayoyafuata nyuki! Utotoni nilipomfuata baba porini tulikuwa tunaipita, imesimama mikavu hadi vitawi vya juu. Mingine aliivua yeye mwenyewe, sitamficha. Aliacha alipoona kila mwaka anatembea mbali zaidi kutafuta mti wa kutundikia. Ila hata enzi za magome kulikuwa na jambo moja alilolishika: hakumaliza masega. Angeingiza mkono, moshi umetanda, nyuki wanamvamia usoni, na bado anabakiza ya pembeni. "Usikombe," alikuwa akiniambia, "nao wana watoto." Mimi chini na ndoo, natamani akombe tu tuondoke.

Basi, asali yenyewe. Rangi ni ya chai ya rangi iliyokolea, si ile njano ya kung'aa inayopangwa kwenye madirisha ya maduka makubwa. Ukifungua kifuniko unapata moshi kwa mbali sana. Moshi ukizidi ujue mrinaji alikuwa na haraka au woga, huyu hakuwa na kimojawapo. Ulimini utamu unatangulia, halafu kunakuja kaukakasi fulani kooni, kanakaa. Kwangu huo ndio muba, ambao unakuwa umetoka kuchanua kabla ya urinaji wa katikati ya mwaka. Asali ya mwisho wa mwaka, mtundu unapokuwa umepata zamu yake, haifanani na hii. Kwa hiyo ukinunua tena Desemba ukakuta ladha nyingine, usimgombeze kijana. Mimi chupa zote zikifanana mwaka mzima ndipo ninapoanza kuogopa.

Tumeila na michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa, niliyotumiwa na dada yangu, nimeichemsha hadi ikalainika. Watoto wawili waliozaliwa Dar, ambao michembe wanaiita mbao, walimaliza sahani. (Mjukuu wa miezi saba hakupewa hata ya kulamba. Asali si ya mtoto aliye chini ya mwaka mmoja, hata bibi akisisitiza.)

Sasa lawama. Lita moja kamili ya asali ina uzito wa kilo 1.4 hivi, kwa kuwa asali ni nzito kuliko maji. Nilihamishia yote kwenye bakuli juu ya mizani yangu ya keki: gramu 1,250. Yaani imepungua karibu nusu kikombe cha chai. Chupa ilijazwa hadi mabegani tu, shingo ikaachiwa upepo. Nilirudi kumwambia, akasema wateja wengine hawapimi. Nikamwambia, mwanangu, wewe andika kilo, uza kwa kilo, tutaelewana.

Wiki ya tatu ikaanza kuganda kutoka chini. Jirani akaja na kiberiti chake kuichoma, kwamba isipowaka ni feki. Nilimnyang'anya. Njiti inapima unyevu tu, na sukari iliyochemshwa ikakolea vizuri nayo inaruhusu njiti iwake. Asali nyingi halisi huganda, na Julai hii ya baridi imeiharakisha. Niliiweka kwenye maji ya uvuguvugu, yale unayoweza kutumbukiza mkono bila kuutoa, ikarudi. Usiibandike jikoni, utaua harufu yote uliyoilipia.

Ningetaka wabadilishe lebo. "Sikonge" peke yake haitoshi, waandike na mwezi, na kwamba mizinga ni ya mbao. Kule msitu huo huo unagombaniwa na mabani ya kukaushia tumbaku yanayokula kuni usiku na mchana, na mzee wa kwenye simu anahitaji sababu ya kuiacha miti yake imesimama. Elfu mbili zaidi kwa chupa ningelipa bila kunung'unika, ilimradi shingo ijazwe.

Nimeshaagiza nyingine mbili. Mizani nitakwenda nayo mkobani.