Zabibu moja, glasi nne: Syrah ya Ufaransa, Afrika Kusini, Australia na Dodoma, na sahani ya pilau

Jumamosi iliyopita mi na mke wangu tulienda kuonja waini sehemu moja hapa Masaki, elfu tisini kwa kichwa, glasi nne na sahani nne, na glasi zote nne ni zabibu ileile moja, Syrah. Syrah nimeinywa miaka mingi ila sikuwahi kuzipanga nne pamoja zikiwa zimetoka nchi nne, na nawaambia kama unapenda waini nyekundu fanya hivi hata mara moja, hata nyumbani na marafiki mkachangiana chupa, kwa sababu ndani ya masaa mawili utajua kitu ambacho ukinywa chupa moja moja kila mwisho wa mwezi hutakaa ukijue.

Kwanza niweke hili sawa maana mezani kwetu lilizua ubishi. Syrah na Shiraz ni zabibu moja, Waaustralia ndo wanaiita Shiraz, na wengi wanaamini imetoka mji wa Shiraz kule Iran. Hapana. Mwaka 1998 watafiti wa Chuo Kikuu cha California kule Davis na wenzao wa Montpellier walipima vinasaba wakakuta wazazi wake ni Dureza na Mondeuse Blanche, zabibu mbili za kusini mashariki mwa Ufaransa, mmoja mweusi mmoja mweupe. Kwa hiyo huyu ni Mfaransa, hata akihamia wapi.

Tukaanza na kwao basi, Crozes-Hermitage, bonde la mto Rhône, mashamba yanayozunguka kile kilima maarufu cha Hermitage. Na hapa nina lawama, nyekundu ya kwanza ililetwa ya moto. Yaani chupa imetoka kwenye kaunta, joto la Dar mnalijua, ukiinusa unasikia spiriti tu. Wengi tumeambiwa waini nyekundu inanywewa kwa joto la chumba, sawa, lakini chumba chenyewe ni cha Ulaya, nyuzi 16 mpaka 18, sio chumba cha Masaki. Nikamwambia dada aliyekuwa anatuhudumia, dada samahani naomba ndoo ya barafu tuitumbukize dakika kumi, akaleta bila kununa, na tulivyomimina tena ilikuwa waini nyingine kabisa. Kama kuna kitu kimoja ubebe hapa basi ni hiki, nyekundu yako iweke friji nusu saa kabla ya kufungua.

Sasa ilipopoa ndo kikaja kile kitu. Mpishi alikuwa ametuwekea kinu kidogo cha mbao mezani, ndani kuna punje kama sita za pilipili manga, akasema ziponde halafu unuse kinu, kisha unuse glasi. Nikaponda, nikanusa kinu, nikanusa glasi, nikarudia tena. Ni harufu ileile. Sio "inafanana na", ni yenyewe, kwa sababu kuna kitu kinaitwa rotundoni kipo kwenye pilipili manga na kipo pia kwenye ganda la zabibu ya Syrah, watafiti wa Australia walikiandika mwaka 2008, na zabibu ikikua sehemu yenye ubaridi kinakuwa kingi zaidi. Ndo maana Crozes inanukia pilipili manga hivyo, halafu chini yake kuna zeituni nyeusi na kama moshi wa nyama iliyobanikwa. Ukiinywa sio nzito, ina uchachu unaosafisha mdomo, tanini zake, yaani ule ukakasi wa ganda la zabibu, zinakaza ufizi kidogo zinaachia.

Mke wangu akanusa kinu, akanusa glasi, akasema baba mi sisikii pilipili yoyote hapo, nasikia zambarau tu. Nikadhani anatania, tukabadilishana glasi, bado. Kumbe ndo ilivyo, kwenye utafiti uleule karibu mtu mmoja kati ya watano alikuwa haisikii hiyo rotundoni kabisa, hata ukimpa nyingi. Nimekaa na huyu mwanamke miaka kumi na moja tunakunywa chupa moja na tulikuwa tunakunywa waini mbili tofauti! Hilo peke yake kwangu lililipa ile elfu tisini.

Crozes walitupa na mishikaki ya ng'ombe yenye mafuta mafuta, imepakwa chumvi na pilipili manga ya kusaga basi. Hapo hakuna mjadala. Mafuta na chumvi vinalainisha tanini, na ile pilipili ya nyama inaikuta ya kwenye glasi zinashikana. Tuliomba ya kuongeza.

Afrika Kusini walileta Porcupine Ridge ya Swartland, eneo la mashamba ya mizabibu kule kwao, hii lebo yenye nungunungu wengi mmeiona supamaketi, ndo ilikuwa rahisi kuliko zote kwa bei na nilishaizoea kiasi kwamba sikuitegemea. Ila ukiiweka kando ya Mfaransa unaona kazi waliyofanya. Jua lipo, tunda limeiva, forsadi nyeusi na jamu, lakini ile pilipili bado inachungulia. Ikaja na kitimoto ya kuchoma na ndizi, na ile ngozi iliyokauka inayolia mdomoni, aisee. Kwa anayeanza Syrah mi namwambia aanzie hapa, haina ukali wa kumkimbiza mtu na haina utamu wa kumdanganya.

Australia ilikuwa Shiraz ya bonde la Barossa na hapa sitakaa sana. Ni waini nzuri, kubwa, nyeusi kama wino, kilevi asilimia 14.5, chokoleti, kahawa, matunda ya kupikwa, na heshima yao wanayo maana kule Barossa kuna mizabibu ya tangu miaka ya 1840 bado inazaa, mdudu wa filoksera aliyemaliza mizabibu ya Ulaya hakuwahi kufika kwao. Lakini pilipili manga imepotea, jua limeila. Na walikosea chakula, walileta mbavu za ng'ombe zenye sosi tamu, hapo sawa, halafu pembeni chachandu ya pilipili mbuzi. Kilevi kikubwa na pilipili mbuzi ni petroli na kiberiti, midomo iliwaka mezani kote watu wakaanza kuomba maji. Mkinywa Barossa nyama iwe na sosi tamu tamu na ile pilipili kali ikae jikoni.

Haya, Dodoma. Niseme ukweli, nilikuwa na wasiwasi nao, sio kwa sababu siwapendi, kwa sababu nawapenda, na sikutaka waaibike mbele ya Mfaransa. Wengi tukisikia waini ya Dodoma tunawaza ile tamu ya kwenye sherehe au divai ya kanisani. Hii ni Syrah kavu, zabibu za Hombolo, hukohuko Dodoma. Mezani alikuwepo mzee mmoja ana ekari zake mbili huko akatueleza kwamba Ulaya mzabibu unalala wakati wa baridi, Dodoma haulali, hakuna wa kuulaza, kwa hiyo mkulima mwenyewe ndo anauanzisha upya kwa kuupogoa, na kwa mwaka unavuna mara mbili. Akasema ya kiangazi ndo tamu, ile ya masika mvua inaiharibu na kuvu linaingia. Uwanda wenyewe uko juu kama mita 1,100 hivi, usiku kunapoa, hilo linasaidia.

Rangi yake ni nyepesi kuliko zile tatu. Harufu zambarau, ukwaju, na kitu kama udongo mkavu uliopigwa na tone la kwanza la mvua. Pilipili manga niliitafuta sana, nimeipata kwa mbali, ya kubahatisha. Ukiinywa yenyewe inakatika mapema, umemeza na yenyewe imeondoka, Mfaransa alikuwa bado anaongea mdomoni dakika nzima baadaye. Yenyewe kama yenyewe niliiweka ya tatu, juu ya Barossa, na wengine mezani waliiweka ya mwisho, sikatai.

Lakini ikaja na pilau ya mbuzi. Binzari nyembamba, mdalasini, karafuu, iliki, na pilipili manga nzima nzima unazitafuna bila kutegemea, kachumbari pembeni imekamuliwa ndimu ya kutosha. Hapo Barossa niliyokuwa nimeibakiza nikaijaribu ikawa nzito, inalala juu ya wali kama blanketi. Crozes ilikwenda vizuri ila ilikuwa inashindana na karafuu. Ya Dodoma ikafunguka. Ile ndimu ya kachumbari ikaufanya uchachu wa waini uwe laini, tunda likajitokeza, na ile pilipili niliyoikosa puani ikaja kwenye sahani yenyewe, kila ukitafuna punje moja na kushushia unapata Syrah kamili. Mke wangu asiyesikia pilipili kwenye glasi safari hii akanishika mkono akasema eh, hii sasa.

Bei ya kuonja ni sawa, huduma ni nzuri ukiacha ule ujoto wa mwanzo, sahani sio ndogo, tulitoka tumeshiba. Ningewaomba tu waweke pilau mapema, maana ilipofika watu wawili walishaaga, na maji yawepo mezani tangu mwanzo.

Tulipotoka tulinunua mbili za Dodoma na moja ya nungunungu. Jumapili hii shemeji zangu wanakuja, mama watoto ameshaagiza mbuzi kilo tatu, na chupa ziko mlangoni mwa friji.