Chapa ya saa za Dalí kwenye sebule ya Tanga

Kama unaitaka chapa, yaani nakala iliyochapishwa, ya ule mchoro wa mchoraji Salvador Dalí wa saa zilizoyeyuka, usichukue saizi kubwa. Muuzaji wangu yuko Dar, na ile ya mita nzima ndiyo anayoisifia kuliko zote. Mchoro wenyewe, uliochorwa kwa rangi ya mafuta mwaka 1931 na ambao tangu 1934 uko Museum of Modern Art, New York, una sentimita 24 kwa 33 tu. Dalí alitaka usogee karibu. Kubwa niliiona kwenye hoteli moja Raskazone. Anga lote limekuwa bango.

Mimi nilichukua iliyokaribia saizi ya asili, kwa shilingi 95,000. Ukiikaribia, unawaona sisimizi mmoja mmoja wamejazana juu ya saa ya rangi ya machungwa, ile pekee ambayo haikulegea. Kuna na nzi katua kwenye saa nyingine, ana na kivuli chake. Majabali ya nyuma ni ya kweli, ni pwani ya Cap de Creus kule Catalonia alikokuwa akiishi, na manjano yake yametoka vizuri mno. Bahari imelala vile vile, kama maji mafu jioni. Ila sehemu ya chini, penye kivuli, weusi umeziba kidogo. Kwenye simu haukuwa hivyo.

Mama mkwe kaitazama weee, akanyooshea kidole lile umbo lililolegea katikati ya picha, akauliza, "Huyu pweza katupwa hapa na nani?" Nikamwambia inasemekana ni uso wa mchoraji mwenyewe, umelala ubavu, zile ni kope. "Pweza huyo, mwanangu. Tena kapigwa, tayari kwa chungu." Sikubishana.

Karatasi ni ya pamba, nene, wino ni wa pigimenti, ambao haupauki upesi kama wino wa kawaida. Lakini hapa Tanga adui ni unyevu na chumvi. Fundi fremu wa Ngamiani alitaka kuigandisha kwa gundi kwenye plaiwudi, kioo juu yake moja kwa moja. Nikamkatalia. Karatasi ikigusana na kioo, joto likipanda inanata, na ukungu unaanzia hapo hapo. Tulizungushia kadibodi nyeupe isiyo na asidi ili kioo kikae mbali kidogo, tukaitundika ukuta wa ndani usiopigwa na jua. Fremu imenigharimu 40,000, na hiyo usiibanie.

Malalamiko yangu ni kwenye usafirishaji. Bomba la kadibodi nililipokea stendi ya Kange limebonyea upande mmoja, pembe ya karatasi ina kunyanzi. Bahati ukingo mweupe ni mpana, fremu imeificha. Nilimtumia muuzaji picha. Ujumbe kausoma, jibu hakuna. Chapa naipa nyota nne, muuzaji mbili. Ukiagiza kwake, mwambie akufungie bapa katikati ya mbao mbili, hata kama utaongeza nauli ya basi.