Darasa la kuogelea linalomwinua mzazi kitini

Nilipomwandikisha binti yangu wa miaka saba katika darasa la kuogelea la Jumamosi hapa Dar es Salaam, upande wa Kunduchi, nilitarajia kuagiza soda, kukaa kivulini na kuperuzi simu hadi saa ya kuondoka. Sikupewa nafasi hiyo. Fomu ya kujiunga inamtaka mzazi ahudhurie vipindi viwili kati ya vinane, tena akiwa mwanafunzi. Ada ni shilingi 160,000 kwa mtoto. Mzazi halipi kitu.

Kipindi cha kwanza cha wazazi hakikugusa bwawa kabisa. Tulipokuwa tukijaza fomu, mwalimu alimtumbukiza mwanasesere katika ndoo ya maji iliyokuwa hatua tatu tu kutoka tulipoketi, kisha akaendelea kuzungumza nasi habari za taulo na muda wa kufika. Tulikuwa watu wazima kumi na mmoja, na hakuna aliyemwona mpaka alipomnyanyua, maji yakimchuruzika. Methali yetu kwamba mfa maji haachi kutapatapa imetulaza usingizi, kwa maana mtoto anayezama mara nyingi hapigi kelele wala hapungi mikono. Pumzi ya kuitia hana. Kwa anayeanza kutembea, beseni au ndoo yenye maji ya sentimita chache inatosha. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa watu 300,000 walikufa maji mwaka 2021, na karibu robo yao walikuwa watoto wa chini ya miaka mitano, umri ambao hata darasani hapo hawajaanza kupokelewa. Mimi nilidhani hatari iko baharini, ilhali nyumbani kwangu mfuniko wa tangi la chini ya ardhi ulikuwa umeegemezwa ukutani tangu fundi wa pampu alipoondoka. Nilipiga simu nyumbani kabla kipindi hakijaisha.

Kipindi cha pili kilihusu kuokoa. Tulifundishwa kumrushia anayezama dumu tupu la mafuta ya kula lililofungwa kamba, au kumnyoshea mti au kanga huku tumelala kifudifudi ukingoni, badala ya kumrukia na kuzama wawili. Tulionywa pia tusimning'inize mtoto kichwa chini wala kumkamua tumbo ili maji yatoke: asiyepumua hupuliziwa pumzi kwanza, kisha hubonyezwa kifua, huku mwingine akitafuta msaada. Hapa ndipo darasa linapopungukiwa, kwani sanamu ya kufanyia mazoezi ni moja tu, nami niliipata kwa dakika mbili hivi, muda usiotosha mikono kuzoea.

Cheti nacho kina neno ambalo ningeliondoa. Kinamtangaza mtoto kuwa "salama majini", wakati binti yangu, baada ya vipindi vinane, anaelea chali kwa takribani dakika moja katika bwawa lililotulia ambalo maji yake yanamfika kifuani. Bahari ya kusi si bwawa, na mzazi atakayekiamini cheti hicho ufukweni atapunguza uangalizi palepale anapopaswa kuuzidisha.

Lalamiko langu kubwa ni juu ya neno "mzazi" lenyewe. Kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa, anayekuwa karibu na ndoo, karo na tangi nyumbani kwangu si mimi bali dada anayetusaidia kazi, kama ilivyo katika nyumba nyingi za mji huu. Nilipoomba ahudhurie nami kipindi cha pili, mapokezi walikataa wakisema fomu haimtaji; ni mwalimu aliyeingilia kati akamruhusu. Dumu langu liliangukia pembeni mara tatu. La dada lilitua mbele ya boya kwa mrusho wa kwanza.

Muhula ujao nitamwandikisha na mdogo wa binti yangu, atakapotimiza miaka sita. Atakayetaka kujiunga aulize mapema, kabla ya kulipa, kama mlezi wa mchana ataruhusiwa kuingia, kwa sababu hadi tulipomaliza vipindi, fomu ilikuwa bado haijabadilishwa.