Tathmini ya huduma ya kumzoesha mtoto kulala usiku, Mbeya mjini

Mama mkwe wangu, mzaliwa wa Tukuyu, hutusalimu kila asubuhi kwa Kinyakyusa, "Mugonile," salamu ambayo maana yake ni kuuliza kama tumelala, na kwa miezi miwili mimi na mke wangu tuliiitikia kwa adabu huku tukijua kwamba hatukulala. Mtoto wetu wa kwanza, ambaye wakati huo alikuwa na miezi saba, aliamka mara sita au saba kwa usiku mmoja, na hakurudi usingizini mpaka apewe titi. Mke wangu alikuwa amekwisha kumaliza siku zake 84 za likizo ya uzazi na kurudi kazini. Zangu tatu zilikwisha hata kitovu cha mtoto hakijadondoka. Ndipo tulipolipia huduma ya muuguzi mstaafu anayewatembelea wazazi nyumbani, hapa Forest na mitaa ya jirani, kwa shilingi 90,000 kwa ziara tatu.

Nianze na kilichoniudhi, yaani kijitabu tulichopewa siku ya malipo. Kilikuwa nakala ya fotokopi iliyofifia, na kilieleza njia iliyopata umaarufu tangu mwaka 1985 kupitia daktari Richard Ferber wa Boston: mtoto analazwa akiwa bado macho, mzazi anatoka chumbani, kisha anarudi kumtuliza kwa muda mfupi baada ya dakika tatu, halafu tano, halafu kumi. Njia hiyo ina mantiki yake, lakini kijitabu kilidhani kwamba kila mtoto ana chumba chake na kwamba nyumba ya jirani iko mbali. Sisi tumepanga chumba na sebule, mama mkwe analala sebuleni, na ukuta wa kitanda chetu ndio ukuta wa kitanda cha mpangaji mwenzetu. Ningetoka niende wapi?

Muuguzi mwenyewe alikuwa na akili kuliko kijitabu chake. Katika ziara ya kwanza hakumgusa mtoto, bali aliomba aonyeshwe chumba anamolala. Ilikuwa Julai, na anayeujua mji huu ulio kwenye mwinuko wa mita 1,700 hivi anajua baridi ya Julai ikoje. Jiko la mkaa lilikuwa pembeni ya mlango, kwa kuwa tulizoea kuliingiza jioni ili chumba kipate joto. Aliagiza litolewe kabla hajaketi, akieleza kwamba hewa ya sumu itokayo kwenye mkaa haina rangi wala harufu na huwaua watu wakiwa usingizini. Kisha akaondoa kitandani mto na blanketi zito, akasema mtoto alazwe chali juu ya godoro gumu, na joto lake litokane na nguo alizovaa. Mama mkwe, aliyelinunua blanketi lile Mwanjelwa kwa fedha yake, alilikunja polepole bila kusema neno. "Mama, halijatupwa," muuguzi akamwambia, "atalitumia akishaanza kutembea." Nadhani hapo ndipo alipomshinda, ingawa si kabisa.

Kabla ya njia yoyote alitutaka tuandike kwenye daftari, kwa siku tano, kila saa mtoto aliyolala, mchana na usiku. Shirika la Afya Duniani linapendekeza saa 12 hadi 16 kwa siku kwa mtoto wa miezi 4 hadi 11, usingizi wa mchana ukiwemo. Tulipojumlisha tulipata wastani wa saa 13. Mtoto alikuwa analala vya kutosha. Tusiolala tulikuwa sisi. Katika yote tuliyoyalipia, jumla hiyo ya daftari ndiyo ninayoithamini zaidi, kwa sababu ilitufanya tuache kumtazama mtoto kama mgonjwa.

Alieleza kwamba kila mtoto huamka kidogo kila anapomaliza mzunguko mmoja wa usingizi, yaani baada ya kama saa moja, na aliyezoea kulala na titi mdomoni hulitafuta titi kila mara. Kwa hiyo aliugawa usiku. Kuanzia saa tatu hadi saa nane zamu ilikuwa yangu, na mke wangu alihamia sebuleni kwa mama yake ili mtoto asisikie harufu ya maziwa. Baada ya saa nane angenyonyeshwa mara moja tu. Mimi niliketi kwenye kiti cha plastiki kando ya kitanda, mkono kifuani mwa mtoto, na kila baada ya usiku tatu kiti kilisogea kuelekea mlangoni. Majirani alitutaka tuwaarifu mapema, na tulifanya vizuri, kwani usiku wa kwanza mtoto alilia dakika 50. Usiku wa nne alilia 15. Mke wangu alilala saa tano mfululizo kwa mara ya kwanza tangu ajifungue. Muuguzi alimuuliza pia, wakiwa wawili tu, kama hulia bila sababu au amepoteza hamu ya kula, akamwambia kwamba huzuni isiyoondoka kwa wiki mbili inapaswa kupelekwa kliniki.

Mama mkwe aliogopa kwamba mtoto atatuchukia. Watafiti wa Adelaide, Australia, walichapisha mwaka 2016 matokeo ya watoto 43, baadhi yao wakiwa wamezoeshwa kulala na wengine la, na mwaka mmoja baada ya mazoezi hayo hawakuona tofauti kati ya makundi hayo katika mapenzi yao kwa wazazi. Watoto 43 ni wachache, lakini yeye hakushawishiwa na idadi yoyote.

Wiki ya pili mtoto alishikwa na mafua, tukarudi karibu na tulikoanzia, na simu ya muuguzi haikupokelewa kwa siku nne. Ziara ya tatu ilichelewa wiki nzima bila maelezo. Hata hivyo ningelipa tena, ila mwenye mtoto wa chini ya miezi minne asijisumbue, kwa kuwa muuguzi humkataa mlangoni, na hapo yuko sahihi.

Sasa mtoto huamka mara moja, kwenye saa tisa. Mama mkwe anasema ni kwa sababu amekua, nami sina ushahidi wa kumpinga.