UMIK-1 sebuleni Arusha: grafu imenyooka, mwimbaji yuko wapi?

UMIK-1 ni maikrofoni ya kupimia sauti ya spika chumbani, si ya kuimbia. Unaichomeka kwenye kompyuta kwa USB, basi. Bei yake ni chini ya dola 150 kabla ya usafiri na ushuru. Kila moja ina faili lake la masahihisho, unalipakua kwenye tovuti ya miniDSP kwa namba iliyoandikwa kwenye maikrofoni yenyewe. Mafaili ni mawili: la nyuzi 0 ukiilekeza kwenye spika, la nyuzi 90 ukiisimamisha itazame dari. Ukiyachanganya, treble (sauti za juu) kwenye grafu itapotoka na utailaumu tweta, spika ndogo ya sauti hizo, isiyo na kosa.

Programu ninayotumia kupima na kuchora grafu ni REW (Room EQ Wizard), ya bure. Kwenye Windows zima madoido yote ya sauti na weka kiwango cha sampuli cha 48 kHz. Maikrofoni ikae pale kichwa kinapokaa, usawa wa masikio. Piga mlio unaopanda kutoka 20 Hz hadi 20 kHz, sauti iwe kama desibeli 75, spika ya kushoto peke yake, kisha ya kulia. Mvua ikiwa juu ya bati, ahirisha.

Kwenye besi haina mpinzani. Sebule nyingi za hapa ni kuta za tofali za saruji, tailizi chini, jipsamu juu. Chumba cha urefu wa mita 4 kinavuma kwenye 43 Hz: chukua 343, mwendo wa sauti kwa sekunde, gawa kwa mara mbili ya urefu. Joto la Arusha la nyuzi 20 hivi linaendana kabisa na hiyo 343, na mwinuko wa mita 1,400 hauibadilishi, ingawa mafundi wa sabufa hupenda kuusingizia. Kilima cha desibeli 10 hapo ni kitu cha kawaida. Kwa sikio, gitaa la besi la rumba linakuwa na noti moja nene na nyingine zimefifia. Kwenye Equalizer APO, programu ya Windows ya kurekebisha sauti, weka kichujio cha 43 Hz, punguza desibeli 8, Q (wembamba wa kichujio) iwe 5, kisha pima tena. Pazia zito halisaidii; robo ya wimbi hilo ni mita 2.

Kilima unakata, shimo hulijazi. Uso wa spika ukiwa sentimita 60 kutoka ukuta wa nyuma yake, sauti inayorudi inaua eneo la 143 Hz. Ukiongeza desibeli 6 unaidai ampi (amplifaya) nguvu mara nne na shimo linabaki pale pale. Sogeza spika.

Sasa stirio yenyewe, ambako wengi huiamini grafu kupita kiasi. Mwimbaji wa katikati hana spika yake. Kila sikio linasikia spika zote mbili, ile ya mbali ikichelewa kama robo ya milisekunde, na hapo sauti ya katikati hupungua karibu na 2 kHz. Maikrofoni moja isiyo na kichwa haiwezi kuliona shimo hilo. Ndiyo maana unaweza kunyoosha mstari wote na bado mwimbaji akasikika amefunikwa kidogo. Usikimbilie kupandisha 2 kHz: vyombo vya pembeni vitakuwa vikali, na huenda fundi wa studio alishaifidia.

Kinachosaidia ni kulinganisha kushoto na kulia. Kati ya 300 Hz na 5 kHz zikipishana zaidi ya desibeli 2, mwimbaji anahama kutoka katikati. Mara nyingi upande mmoja una ukuta na mwingine uwazi wa kwenda jikoni. Umbali wa kila spika hadi unapokaa pima kwa futi ya fundi, maana tofauti ya sentimita 10 ni karibu milisekunde 0.3, inatosha kumvuta. Na angalia nyaya kabla ya yote: nyekundu na nyeusi zikibadilishana upande mmoja, grafu ya kila spika itakuwa nzuri kabisa, huku besi ikipotea na mwimbaji akiwa kila mahali. Piga zote mbili pamoja ndipo utaona besi imeanguka.

Haisaidii kwenye ubishi wa ampi na DAC, kifaa kinachogeuza sauti ya dijitali kuwa ya analogi. SINAD (kipimo cha usafi wa kifaa, kwa desibeli) ya 110 dhidi ya 120 huzikwa na kelele ya sebule yenyewe, desibeli 35 hadi 40. Ukitaka kulinganisha ampi, sawazisha sauti kwa multimita kwenye vishikizo vya nyaya za spika, mlio usizidi 400 Hz maana multimita za bei ndogo hazisomi vizuri juu yake, kisha mtu mwingine abadilishe nyaya wewe ukiwa huoni. Watafiti wa spika Floyd Toole na Sean Olive walionyesha mwaka 1994 kwamba kuiona spika tu hubadilisha alama unazoipa.

Kistendi kinachokuja nayo ni kifupi mno. Tafuta stendi ya maikrofoni yenye mkono, usiiegemeze kwenye mto wa kochi: mto unameza treble na mgongo wa kochi unarudisha mwangwi wake.