Ubuyu wa porini au zabibu za bustanini: kipi tuloweke katika pombe kali?

Kwa gharama, ubuyu una nafuu kubwa, kwa kuwa mbuyu haumwagiliwi wala haupuliziwi dawa, ilhali mzabibu hudai maji, kupogolewa na kulindwa dhidi ya ukungu. Kwa upatikanaji, zabibu za Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka. Ubuyu huvunwa kiangazi, ingawa hudumu miezi mingi ndani ya gamba lake kavu.

Kazi kubwa iko katika kuchuja. Unga wa ubuyu una pektini nyingi (dutu ya mimea inayofanya kimiminika kiwe kizito), hivyo kinywaji hupata utelezi na weupe kama wa maji ya mchele, na kichujio cha chai huziba papo hapo; mimi hutumia kitambaa cha pamba, mara tatu, nikiacha kinywaji kidondoke chenyewe bila kukamua kitambaa. Zabibu nyekundu huchujika kwa urahisi na rangi ya ganda lake hupendeza mno, lakini karibu asilimia 80 ya tunda ni maji, ambayo hupunguza ukali wa pombe. Kwa hiyo zisijazwe kupita kiasi, na zizame zote.

Kwa vyovyote vile, tumia pombe kali ya dukani yenye kilevi cha asilimia 35 au zaidi, kamwe si gongo, kwani huweza kuwa na methanoli, aina ya pombe yenye sumu, ambayo hupofusha na kuua, na hakuna tunda linaloiondoa.

Mwenye mzabibu uani na haraka ya kumaliza kazi achague zabibu. Anayependa uchachu, na mwenye subira ya kuchuja, aloweke ubuyu.