Ziara ya Misheni Bagamoyo: nyota tatu na nusu, ile nusu ni ya shangazi

Jumamosi tulienda Bagamoyo watu wanne, mimi, mamaa, dogo na shangazi yangu ambaye kastaafu kufundisha dini sekondari, tukamchukua muongoza wageni wa kujitegemea tuliyemkuta pale stendi. Bei tulielewana elfu arobaini, mwisho ikawa hamsini eti tumemchelewesha. Haya.

Pale Misheni jamaa yuko vizuri, anajua mapadre walivyofika 1868, watoto walivyokombolewa kwa pesa toka utumwani wakaletwa kijijini pale, mwili wa Livingstone ulivyolazwa kwenye mnara 1874, anasimulia mpaka dogo kaweka simu mfukoni. Shida imeanza alipotuambia Kanisa limepinga utumwa tangu siku ya kwanza. Shangazi akamwambia "mwanangu, hapo unatupaka mafuta kwa mgongo wa chupa."

Tukasimama chini ya mwembe kama nusu saa na hapo ndo hela yangu ilirudi. Shangazi kaanza na barua ya kwanza ya Petro sura ya pili, watumishi wanaambiwa wawatii mabwana hata wale wakali, akaja barua kwa Filemoni, Paulo anamrudisha mtumwa Onesimo kwa bwana wake, anaomba apokelewe kama ndugu ila neno "mwachie huru" halitamki waziwazi. Kilichonimaliza ni mtaguso (mkutano wa maaskofu) wa Elvira huko Hispania mwanzoni mwa karne ya 4: bibi akimchapa kijakazi wake kwa hasira akafa ndani ya siku tatu, anafanya kitubio miaka saba kama alikusudia, mitano kama ni bahati mbaya. Saba jamani! Yohane Krisostomo, askofu wa zamani, naye aliwasema mabibi ambao kelele za nyumbani kwao wapita njia wanazisikia, huyohuyo alishauri watumwa wafundishwe ufundi halafu waachiwe. Aliyekomaa kweli ni Gregori wa Nyssa, askofu wa zamani pia, yeye aliuliza mtu aliyeumbwa kwa mfano wa Mungu unamnunua kwa shilingi ngapi (shilingi ni ya shangazi hiyo).

Jamaa hakununa, katoa kidaftari kaandika Elvira, hapo nikampenda. Mamaa akamuuliza, na hawa watoto wa hapa nao walikuwa wanachapwa? Kakohoa kidogo, akasema twendeni tukaone mbuyu.

Nendeni asubuhi, bebeni maji, na bei muiandike kabisa kwenye simu kabla hamjaanza kutembea. Shangazi tafuteni wenu, wetu haazimishwi.